"Si inawaka?" Hapana fundi, hilo si jibu!

Haya wasomaji, leo naweka programu kando tuongee stima. Nina hasira, mtanivumilia.

Sebuleni kwangu kuna taa sita za LED kwenye swichi moja. Tangu zifungwe, nikizima usiku mbili zinabaki na mwanga hafifu kama jicho la paka, na moja inapepesa kila baada ya sekunde chache. Nikampigia fundi. Jibu lake: "Boss, hizo balbu ni feki. Lakini si zinawaka?" Nikanunua nyingine. Mambo yakawa yale yale.

Hilo "si inawaka?" ndilo ninalogombana nalo. Kazini, mtu akiniletea programu na kusema "si inafanya kazi?", namuuliza itafanya nini ikipewa data mbovu. Kwa stima swali ni rahisi zaidi: ukizima, je, imezimika kweli?

Jirani mwenye leseni alikuja na mita, tukazima meni swichi, akafuata waya hadi boksi la kuungia darini. Waya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Laivu inaenda moja kwa moja kwenye holda zote sita, na swichi inakata nyutro! Taa zinawaka ndiyo, maana saketi inakamilika vilevile. Lakini swichi ikizimwa, holda zote sita bado zina volti 240. Mkondo mdogo mno unavuja kupitia waya zilizolala pamoja na chuma cha taa, unajaza polepole kapasita iliyo ndani ya balbu, mpaka LED inamulika. Balbu za zamani za uzi zingeficha kosa hili, kwa sababu mkondo huo hauwezi kupasha uzi moto. LED ndiyo iliyomchongea fundi, naye anailaumu LED...

Sisemi kila mwanga hafifu ni kosa hili. Swichi yenye kitaa chake kidogo huleta mambo hayo, na waya ndefu zilizolala sambamba pia. Ndiyo maana watu hupima badala ya kubahatisha.

Mama akitutembelea hubadilisha balbu mwenyewe. Anazima swichi, anapanda stuli, anashika holda. Amefanya kila kitu sawa. Na kwangu angeweza kufa.

Njia sahihi haina maajabu. Laivu iingie kwenye swichi, itoke, ndipo igawanywe kwa taa zote. Nyutro iende kwa kila taa bila kupita kwenye swichi. Kila taa ipate volti 240 zake. (Wapo wanaounga taa moja nyuma ya nyingine! Sita zikigawana sawa ni volti 40 kila moja: hazitawaka, au zitapepesa, na moja ikiungua zote gizani.) Uzito wa mzigo usikutishe: taa sita za wati 9 ni wati 54, karibu robo ampea. Sita za zamani za wati 60 zilikula ampea moja na nusu.

Mtego uko kwenye rangi. Ndani ya swichi mara nyingi utakuta nyekundu na nyeusi, na mtu anadhani nyeusi ni nyutro. Pale ni laivu inayorudi kwenda kwa taa, na ilipaswa kufungwa utepe mwekundu.

Mtaniambia wateja ndio wabahili. Mimi ni bahili pia, nakiri. Lakini kurekebisha hakuhitaji hata sentimita moja ya waya mpya. Waya ni zile zile, skrubu zile zile. Leseni za mafundi hutolewa na EPRA, na mimi sikuuliza kama wangu anayo. Hapo kosa ni langu.

Anarudi Jumamosi. Nimemwambia atalipwa tukishapima kila holda na waya wa ardhi, swichi ikiwa imezimwa. Ameuliza kwani nina shida gani, na taa zinawaka.