Laptopu inakuzuga: masaa 3, mara giza!

Mwezi huu naweka pembeni kidogo wivu na simu za usiku wa manane. Kuna mchonganishi mwingine kaingia majumbani na hatumsemi: betri ya laptopu.

Hebu piga picha. Shemeji yuko mkoani kikazi, umeme umekatika, mnaongea kwa video. Anakwambia, "Usihofu mpenzi, hapa inasoma bado masaa 3." Hazipiti dakika 40, kioo cheusi, mtu hayupo hewani. Asubuhi ni kesi: "Ulisema masaa 3, ulikuwa unamkimbia nani?" Dada yangu, inawezekana kweli kuna jambo lake. Lakini hilo la betri usilitumie kama ushahidi, maana laptopu ndiyo iliyomzuga yeye kwanza.

Ndani ya betri hakuna saa. Kuna umeme uliohifadhiwa, basi. Kompyuta inaangalia umeme uliobaki, inaangalia kwa wakati huo unatumika kwa kasi gani, halafu inagawanya. Ni kama ndoo ya maji ya lita 20. Ukiwa unachota ya kunywa tu utasema itafika keshokutwa. Akija mtu akaanza kufulia, mchana haufiki. Ndoo ni ile ile.

Twende kwenye hesabu. Betri nyingi za laptopu za kawaida hubeba kama wati-saa 50. Ukiwa unaandika barua, mwanga umepunguza, mashine inaweza kula wati 10, kwa hiyo inakuandikia masaa 5. Washa kamera, fungua video, ongeza mwanga, feni ianze kuvuma: ikifika wati 25, masaa 5 yamekuwa 2. Ukitulia tena namba inapanda, eti betri imepona! Haijapona. Wewe ndiye umepunguza kufua.

Shemeji alisoma ile namba kabla hajapiga, alipokuwa anasoma gazeti kwenye intaneti. Mazungumzo ya video ni kazi nzito kwa mashine: kamera, maiki, spika, intaneti na kioo vyote kwa mpigo.

Hata wakubwa wameona aibu. Desemba 2016 kampuni ya Apple iliondoa kabisa masaa yaliyobaki kwenye alama ya betri juu ya kioo cha kompyuta zake za Mac, ikaacha asilimia peke yake. Ilikuwa baada ya wateja kulalamika kuhusu betri za MacBook Pro mpya, na maelezo yake yakawa kwamba makadirio ya masaa hayaendi sawa na matumizi yanayobadilika kila mara. Na yale maandishi ya kwenye boksi, "hadi masaa 10"? Neno la kusoma pale ni "hadi". Mara nyingi hupimwa kwa matumizi mepesi na mwanga mdogo, siyo kwa maisha yako wewe.

Haya, asilimia nayo je? Ina nafuu, ila na yenyewe si Msahafu. Kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na makosa madogo madogo hujikusanya. Betri ikizeeka ndiyo balaa: inasoma 25, unafungua kitu kizito, nguvu inaporomoka ghafla, mashine inazima. Hapo mwenzio anaapa kwa Mungu kwamba ilikuwa 25, na anasema kweli.

Kinachonitia uchungu zaidi ni dada aliyejibana miezi sita akanunua laptopu ya mtumba. Muuzaji anamwonyesha kioo: "Ona mwenyewe, masaa 6." Lazima yasomeke 6, mashine imekaa haifanyi kitu! Usilipe bado. Kama ni ya Windows, kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakwambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo ikijaa. Wa kwanza ukiwa 50,000 na wa pili 30,000, umebakiwa na asilimia 60. Ama mteremshane bei, au uondoke na pochi yako. Halafu chomoa waya, cheza video mwanga ukiwa juu kwa nusu saa, uone imeshuka kiasi gani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwa uliyonayo nyumbani, kama asilimia zinarukaruka, ichaji ijae, itumie bila waya mpaka ijizime, kisha ijaze tena bila kukatisha. Hiyo husaidia ile chipu kujua mwanzo na mwisho. Haiirudishii betri ujana, na usiifanye kila wiki kwa sababu kuikausha kila mara kunaichosha. Joto nalo ni adui: kuiweka juu ya godoro matundu ya hewa yakaziba, au kuiacha kwenye gari juani, jioni ya Dar unajua ilivyo. Betri ikianza kuvimba na kusukuma kibodi juu, zima, usiichaji tena, wala usiitoboe. Mpelekee fundi.

Na wewe mwenye usaili wa kazi kwa video wiki ijayo: siku moja kabla, chaji ijae, piga video ya nusu saa na shosti wako bila waya, andika imeanza ngapi na imeishia ngapi. Ikila asilimia 30 kwa nusu saa, usaili wa saa zima utakula 60 au zaidi. Kama haitoshi, tafuta mapema mahali penye jenereta, na waya wa chaji uwe kwenye mkoba.