Makao ya uzee: nyumba yenye magurudumu



Juma hili tunaongea juu ya makao ya uzee. Wengi wetu tuna watoto ao ndugu kule Marekani, na mara kwa mara wanatutumia picha za wazee wanaokaa ndani ya motokari kubwa kama basi, yenye kitanda, jiko na choo. Tukiziona tunaanza kubishana. Mmoja anasema: mzee huyu amekosa watoto wa kumtunza. Mwingine anasema: hao ni matajiri, wanatembea tu. Tumeona ni vizuri tueleze namna jambo hili linavyokwenda kweli, kwa sababu ndani yake kuna mafundisho kwa kila mama anayejiuliza atazeekea wapi.

Kwa nini mzee anaacha nyumba yake

Kule Marekani, hata mtu akimaliza kulipa nyumba yake yote, kila mwaka analipa kodi ya nyumba na kiwanja. Juu yake kuna asiransi, moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi, na matengenezo. Mzee asiyefanya kazi tena analipa hayo yote kwa pensheni yake.

Pensheni ya serikali ya Marekani ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1935. Mtu anaweza kuianza akiwa na miaka 62, lakini aliyezaliwa mwaka 1960 ao baadaye anaipata kamili akifika miaka 67. Akiianza kwa 62, mahali pa dola 100 anapata 70 hivi, na upungufu huo haumtoki tena. Tena wanahesabu miaka 35 ambayo mtu alipata mshahara mkubwa zaidi. Kama mtu hakufikisha miaka 35 ya mshahara, miaka inayokosekana inaandikwa sifuri.

Mama, simama hapo kidogo. Ile miaka ambayo mwanamke alikaa nyumbani akilea watoto, akimwuguza mama mkwe, akipika na kufua, kwenye hesabu hiyo ni sifuri. Ndiyo maana wanawake wengi wa kule wanafika uzeeni na pensheni ndogo kuliko ya wanaume, hasa kama ndoa ilivunjika. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu ya wazee hao mwaka 2017, kinaitwa Nomadland, na baadaye kikatolewa filamu. Mmoja wa watu anaowaeleza ni Linda May, bibi wa miaka sitini na zaidi, aliyekaa katika trela ndogo na kuzunguka akitafuta kazi za majira: kutunza kambi za wasafiri milimani, kupanga vitu katika depo kubwa.

Basi, wako wanaoingia motokari-nyumba kwa sababu wanapenda safari, na wako wanaoingia kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Kwa picha huwezi kuwatofautisha.

Anaanza na paa

Wengi hawanunui mpya, kwa sababu bei yake ni kama ya nyumba. Wananunua iliyotumika, kisha wanaitengeneza. Wenye akili hawaanzi kutazama mapazia na rangi. Wanapanda ngazi kutazama paa.

Adui mkubwa wa motokari hizo ni maji. Paa lake lina matundu ya hewa na madirisha madogo, na pembeni ya kila tundu kuna gundi ya kuziba. Gundi inakauka kwa jua, inapasuka, maji yanaingia polepole. Kuta nyingi zina mbao ndani, na mbao zinaoza bila mtu kuona. Kwa hiyo mnunuzi anabonyeza ukuta kwa mkono kuona kama unalegea, ananusa ndani ya makabati kama kuna harufu ya ukungu, anatafuta madoa kwenye pembe. Sisi tunaojua tundu moja la msumari kwenye manjanja linavyoweza kuharibu godoro na vitabu vya watoto, jambo hilo halituhitaji maelezo marefu.

Kisha anatazama mipira ya magurudumu. Motokari hizo zinasimama muda mrefu, basi mpira unaweza kuonekana mpya kumbe umezeeka. Ubavuni mwake kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka ulipotengenezwa. Ukiona 3218, ni juma la 32 la mwaka 2018. Mpira wa namna hiyo ukipasuka njiani, ni nyumba nzima inayoyumba.

Kutengeneza kwa ajili ya kukaa, si kwa likizo

Motokari nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa watu wa kutembea majuma mawili kisha warudi kwao. Anayetaka kukaa humo miaka yote anabadilisha mambo mengi.

Kitanda. Kama kimebanwa na kuta tatu, mmoja akitaka kuamka usiku anapita juu ya mwenzake. Kijana anavumilia, lakini mwenye magoti mabovu hawezi. Wanapanga kitanda ambacho mtu anaweza kushuka pande mbili.

Ngazi na bafu. Wanaongeza ngazi pana ya kuingilia, chuma cha kushika mlangoni, na vingine karibu na choo na mahali pa kuoga. Watu wengi wanaweka hivyo baada ya kuanguka. Afadhali kabla.

Maji. Kuna matangi matatu: moja la maji safi, moja la maji ya vyombo na kuoga, moja la choo. Anayeanza anafikiri ni vizuri kuacha bomba la choo wazi wakati wote. Maji yanatoka, uchafu unabaki na kukauka kama jiwe. Wazoefu wanafunga, wanangoja tangi lijae vya kutosha, ndipo wanamwaga kwa nguvu mahali palipowekwa kwa kazi hiyo.

Umeme. Katika kambi wanachomeka waya. Motokari ndogo inapokea ampea 30, kubwa inapokea 50. Ukiwasha jiko la umeme pamoja na kipasha joto kwenye ile ya 30, umeme unaanguka. Wanaokaa porini wanatumia paneli za jua na batri. Batri ya kawaida ya asidi haipendi kumalizwa: ukiishusha mara nyingi chini ya nusu, inakufa mapema.

Gazi. Wanapika na kujipasha moto kwa gazi ndani ya chumba kidogo. Kwa hiyo lazima kuwe na chombo cha kulia gazi ikivuja, na kingine cha kulia kukiwa na ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto. Ni hewa ileile inayoua watu wanaolala na mbabula wa makala mlango umefungwa. Tusiache kukumbushana hilo wakati wa mvua na baridi.

Uzito. Kila motokari ina kadiri inayoweza kubeba, na wengi wanaipita bila kujua mpaka waipeleke kwenye mizani ya malori. Hapo ndipo kazi ngumu ya moyo: kugawa sahani za harusi, meza ya mama, nguo za marehemu. Wengi wao wana desturi moja: kitu kipya kikiingia, kingine kinatoka.

Adresi, dawa na mahali pa kusimama

Mtu asiye na nyumba isiyohama bado anahitaji adresi kwa ajili ya leseni, kura, banki na barua. Wengi wanachagua majimbo ya Texas, Florida ao South Dakota, ambayo hayatozi kodi juu ya mapato ya mtu. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, mtu na bibi yake waliokaa wenyewe katika nyumba ya magurudumu, walianzisha chama kinachoitwa Escapees. Chama hicho kinapokea barua za wanachama katika mji wa Livingston, Texas, na kuwatumia popote walipo.

Juu ya dawa, mtu akifika miaka 65 anaingia bima ya serikali ya wazee, inayoitwa Medicare. Ile ya kawaida inapokelewa na madaktari wengi katika majimbo yote. Lakini wengine wanachukua mpango wa kampuni, unaowafunga kwa madaktari wa eneo moja. Kwa mtu anayehama, hilo linaweza kumwacha na ugonjwa mbali na daktari wake.

Mahali pa kusimama ni jambo lingine. Kambi zinalipwa kwa usiku ao kwa mwezi. Wengine wanatunza kambi ya serikali, wanafagia na kupokea wageni, ili wapate mahali bila kulipa. Wakati wa baridi maelfu wanakwenda Quartzsite, mji mdogo wa jangwa la Arizona. Karibu nao kuna mashamba ya serikali ambapo, kwa miaka mingi, mtu alilipa dola 180 na kukaa tangu katikati ya mwezi wa tisa mpaka katikati ya mwezi wa ine. Huko wanafundishana kutengeneza, wanawake nao wana mikutano yao, na anayeishi peke yake anapata jirani.

Siku mikono itakapochoka

Hapa ndipo penye jambo zito. Motokari inapoteza bei kila mwaka. Mtu aliyeuza nyumba yake na kumaliza feza zote katika motokari, baada ya miaka kumi ana motokari ya zamani na hana kiwanja. Ikiharibika injini, nyumba yake inaingia garaji, naye anatafuta pa kulala. Na siku macho yake yatakapokataa kuendesha, atakwenda wapi?

Ndiyo sababu wenye busara wanafanya mambo matatu. Kwanza, hawauzi nyumba haraka, wanaipangisha mwaka mmoja wakijaribu maisha hayo. Pili, wanatenga feza za garaji na za kulala mahali pengine. Tatu, wanasema mapema, wakiwa wazima, watasimama wapi wakichoka, na nani atawapokea. Chama cha Escapees kiliona shida hiyo, kikajenga pale Livingston kituo ambapo mzee anakaa katika motokari yake mwenyewe, lakini anapikiwa, anasaidiwa usafi na kupelekwa kwa daktari.

Na sisi huku?

Kwetu hakuna anayeuza nyumba ili akae ndani ya motokari. Barabara zetu zenyewe zingemrudisha asubuhi hiyohiyo. Lakini swali ni lilelile. Sisi tunaouza sokoni, tunaolima, tunaoshona, hakuna anayetuhesabia miaka. Kwa wengi wetu parseli na watoto ndiyo pensheni.

Basi, tuitazame parseli kama wale wanavyotazama motokari. Tuanze na paa kabla ya rangi na viti vya saluni. Tuweke kitu cha kushika kwenye ngazi na njiani kwenda choo, maana usiku wa mvua mzee anateleza. Tutenge sehemu ya likelemba kwa ajili ya nyumba tu, hata kama ni kidogo, iwe ni bati moja ao mfuko mmoja wa simenti.

Zaidi ya yote, tujue karatasi ziko kwa jina la nani. Wako wamama waliojenga na mabwana zao miaka 30, tofali juu ya tofali, na siku ya matanga wakaanza kuulizwa watatoka lini. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na bwana yake. Lakini haki hiyo ni ngumu kuitetea kama ndoa haikuandikishwa komini na kama karatasi zimepotea. Kuzitafuta wakati bwana yuko hai si kumtakia kifo. Ni kazi ya nyumba kama kuziba paa kabla ya mvua. Ongea naye kwa upole, wakati wa amani, na mtoto mkubwa awepo asikie.

Na mtoto akiandika kutoka mbali: «Mama, uza parseli, nitakutunza,» tumshukuru kwa moyo wake mzuri, kisha tumwombe muda. Mtoto mwenyewe anaweza kufukuzwa kazi, ao kuugua. Mama anaweza kupokea msaada wa mtoto wake na bado kushika parseli yake.

Ya kuongea katika kikundi juma hili

1. Nyumba ninayokaa, karatasi zake ziko wapi, na zina jina la nani?
2. Ndoa yangu imeandikishwa? Kama bado, tunahitaji nini ili tuiandikishe?
3. Kitu gani kimoja nyumbani kwangu kitamwangusha mzee, na nani atakitengeneza kabla ya mvua?
4. Nikichoka kabisa, nitakaa kwa nani, na mtu huyo anajua?

Mama asiyejua kusoma asomewe maswali haya na jirani yake. Msiandike majina katika majibu mtakayotuletea, mseme jambo tu, nasi tutaliongea hapa bila kumwaibisha mtu.

Tuonane juma lijalo. Mlale salama.