Tusiidharau Ngozi ya Mpini

Kuna vijana wetu wanaosema eti ngozi inayovikwa shingo ya mpini wa shoka ni mapambo tu ya wazee. Sisi tunasema hapana!

Mpini hauvunjiki ovyo. Mtu anapasua kuni, anakosa kipimo, chuma kinapita gogo, na mti ulio chini ya chuma ndio unaopigwa. Leo kinabanduka kibanzi kimoja, kesho kingine, mwisho mpini unakatika na shoka linaruka. Hapo mguu wa nani utapona?

Wanatujibu: mtu ajifunze kulenga. Sawa, lakini hata fundi anachoka jioni. Wengine wanafunga waya. Waya unashika kutu na kuuma mti. Mpira wa baiskeli, tukubali, unasaidia, ila jua linaupasua. Ngozi mbichi ya ng'ombe, ikilowekwa usiku kucha, ikashonwa ingali na maji na kukaushwa kivulini, inajikaza yenyewe na kushika kabisa kabisa. Unaipaka mafuta ili mvua isiilegeze. Ikichakaa unabadilisha ngozi, mpini unabaki, na mti mchanga haukatwi bure.

Tunajua, katika mapigano yaliyozidi milimani kwetu tangu 2017 ng'ombe wengi waliporwa, na wazee wengi walikimbia, wengine wakashuka mpaka Uvira. Ndiyo sababu tunapaza sauti. Ng'ombe tulinyang'anywa, ujuzi je, tuutupe wenyewe? Kijana, umwendee mzee wako angali hai, akuonyeshe.