Mlango Uliofungwa na Bei Iliyoanguka



Katika mabaraza yetu husikika neno moja likirudiwa: kwamba dhiki ya Visiwani imeletwa na watu wa bara, washukao bandarini Malindi kutafuta kazi za mahoteli na za mjini, na kwamba mlango ukifungwa riziki zetu zitarejea. Wasemao hivyo si maadui. Ni wenzetu, na baadhi yao ni wazee wa chama. Lakini sisi twaliona neno hili kuwa la hatari, na yatupasa kulipima kwa mambo yaliyokwisha tendeka.

Mwezi wa Septemba 1930, dhiki kuu ya biashara iliyoanzia New York ikiwa haijatimiza mwaka, Rais Herbert Hoover wa Marekani aliamuru mabalozi wake wadogo wamnyime ruhusa ya kuingia kila mtu aelekeaye kuwa mzigo wa serikali. Sheria yenyewe ilikuwako zamani. Hoover aliikaza tu, na maskini akahesabiwa mzigo kabla hajapanda meli. Mwaka wa 1930 waliingia wahamiaji 241,700. Mwaka wa 1932 wakawa 35,576. Wameksiko nao walirudishwa kwao kwa treni, na watoto wao wengi walikuwa raia waliozaliwa hukohuko Marekani. Je, kazi zilipatikana? La hasha. Ilipofika 1933, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi.

Ikiwa Marekani ni mbali, natwende Moshi. Dhiki ileile iliupanda mlima wa Kilimanjaro, ikaingia vihambani kwa njia ya kahawa. Wachaga walikuwa wameunda chama chao cha wakulima, KNPA, mwaka wa 1925, kwa sababu masetla wa Kizungu hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Walidai kuwa shamba lake litaeneza maradhi ya mibuni, na kwamba akipata fedha yake mwenyewe hatakuja tena kufanya kibarua kwao. (Hoja hii ya pili ndiyo iliyotoka moyoni.) Bei ilipoanguka, chama kikaelemewa. Serikali ya Kiingereza ikasimamisha mahali pake chama cha ushirika, KNCU, mwaka wa 1933, chini ya meneja Mwingereza. Na mwaka wa 1934 ikatoka amri kwamba kila Mchaga auze kahawa yake kwa njia ya ushirika huo, asiuze pengine.

Haki tuiseme: ushirika ule baadaye ulipata nguvu, na mlima ukafaidika nao. Lakini katika miaka ile ya bei duni mkulima alileta gunia lake, akapokea alichopewa, na hakuruhusiwa kuuliza kwingine. Mwaka wa 1937 fujo zikazuka mlimani. Fujo hatuzisifu. Tunachokiona ni kwamba watu wale walijua swali lao ni la nani: waliliuliza penye mizani.

Na sisi tulikuwa na dhiki yetu mwaka wa 1934, ya karafuu. Waingereza wakatunga sheria zilizomtupia mfanyabiashara wa Kihindi lawama yote. Mwaka wa 1937 Wahindi wa Bara Hindi wakasusia karafuu zetu, nazo zikakosa mnunuzi wao mkubwa hata yalipofanywa mapatano mwaka wa 1938. Aliyeumia ni mchumaji na mwenye shamba, ambaye hakuulizwa neno.

Leo mkulima wa Pemba, kwa sheria, huuza karafuu zake kwa shirika moja tu la Serikali, ZSTC. Kijana wa bara aliyeshuka Malindi na begi lake hakai katika kikao kinachopanga bei hiyo, wala haijui. Tukimfukuza kesho, bei itabaki palepale, nasi tutakuwa tumempa mtawala mapumziko asiyoyastahili.

Kwa hiyo twaomba kila tawi, kabla ya mkutano mkuu, liandike bei waliyolipwa wanachama wake kwa kilo moja msimu uliopita, kisha liliulize shirika kwa barua kilo hiyo iliuzwa ng'ambo kwa kiasi gani. Majibu yaletwe ofisini. Tawi lisilojibiwa liandike tarehe iliyopelekwa barua, na kwamba halikujibiwa.