Mwalimu wa Mtoto Aliyefichwa

Juma hili twataka kuwapa habari ya kazi moja ya waalimu huko Marekani, kwa sababu yatufunza neno juu ya watoto wetu wenyewe.

Nchi ile tajiri nayo ilikuwa na watoto waliofichwa. Bunge lao lilipotunga sheria ya mwaka 1975, lilikiri kwamba watoto 1,000,000 wenye udhaifu wa mwili au wa akili hawakupokewa kabisa katika shule za serikali. Rais Gerald Ford aliitia sahihi sheria hiyo tarehe 29 Novemba 1975. Mwaka 1986 sheria nyingine ilithibitisha haki ya watoto wa miaka 3 hadi 5, ikafungua pia njia ya kuwasaidia watoto wachanga tangu kuzaliwa, pamoja na jamaa zao.

Kwa nini kuanza mapema hivi? Wazee wetu wamesema: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto kiziwi akionyeshwa lugha ya ishara angali mdogo, ataweza kusema na wenzake na kufikiri vema. Akiachwa miaka mingi pasipo lugha yo yote, akili yake hukaa na njaa. Kwa hiyo mwalimu wa watoto hao huenda nyumbani kwao. Humwonyesha mama namna ya kumlisha mtoto, kumchezesha na kusema naye. Mwalimu huja saa chache tu, bali mama yupo kila siku.

Lakini sheria haifundishi mtoto. Mtu ndiye afundishaye. Na mtu huyo ni shida kumpata mashambani. Katika jimbo la Alaska vijiji vingi havina barabara, hufikiwa kwa ndege ndogo au kwa mashua. Tena masomo yenyewe ni ya gharama kubwa, na mshahara si mkubwa.

Tangu mwaka 1958 serikali yao ilianza kuvipa vyuo vikuu fedha za kuwaandaa wataalamu wa watoto wenye akili dhaifu. Baadaye msaada huo ulienea kwa udhaifu wa namna nyingine na kwa watoto wadogo. Mwalimu anayesomeshwa kwa fedha hizo hadi shahada ya pili hufunga agano: kwa kila mwaka aliolipiwa, atatumika miaka 2 katika kazi hiyo. Asipotimiza, hurudisha fedha yote au sehemu yake. Walakini agano hilo lamfunga kwa watoto, halimfungi kijijini. Kwa hiyo vyuo vingine hufundisha kwa njia ya mbali, ili mzaliwa wa kijiji asome pasipo kuhama kwao. Yeye ajuaye njia za kwao na jamaa za huko hataona kazi hiyo kuwa uhamisho.

Basi, sisi je? Hatuna fedha kama zile. Lakini sisi waalimu, wengi wetu tulisomeshwa kwa sadaka za watu tusiowajua, na deni hilo halijaisha siku tulipopokea cheti.

Wazazi, msimfiche mtoto wenu, wala msikubali mtu amwite mchawi au laana. Bwana wetu alipoulizwa juu ya yule aliyezaliwa kipofu, alikataa kuwatupia wazazi dhambi hiyo. Mpelekeni mtoto kwa mganga wa hospitali angali mdogo, kisha mwoneni mwalimu. Nasi waalimu, tumweke mbele asiyesikia vizuri, tuseme tukimtazama usoni, tusimhesabu mvivu. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Pengine kati yenu yumo atakayesoma kazi hii na kurudi kijijini kwake kuifanya. Tunamngoja.