Kabla Hujanunua Starta

Alfajiri moja pale Nyandira, Mgeta, Canter yetu ilikuwa imeshapakiwa kabichi na njegere, turubai limefungwa, wanunuzi wanatusubiri Morogoro mjini. Dereva akageuza ufunguo: "ka!" Kimya. Akarudia: "ka!" Haukupita muda watu wamelizunguka gari, kila mmoja na jibu lake. Majibu yale nimeyasikia tena Matombo na Kinole, na wenye boti za mashine kule Mto Kilombero wanayo yaleyale, kwa sababu starta ya boti na ya lori hufanya kazi kwa namna moja: mota ya umeme inayosukuma gia ndogo ishike meno ya flaiwili na kuizungusha injini. Nayajibu hapa kwa kuwa yanawala watu fedha, na moja kati yake linaweza kuua.

"Starta imekufa." Hilo ndilo la kwanza siku zote. Lakini mlio mmoja wa "ka" maana yake solenoidi imevuta, yaani umeme mdogo wa ufunguo umefika. Kilichokosekana ni umeme mkubwa wa kuzungusha mota, na huo unaweza kupotelea kwenye betri, vichwa vya betri, nyaya nene, waya wa ethi, shaba za ndani ya solenoidi au kaboni. Vingi kati ya hivyo viko nje ya starta.

Washa taa kubwa, kisha mwenzako ageuze ufunguo. Taa zikififia sana, anza na betri na vichwa vyake. Ule unga mweupe unaoota pale unatosha kulilaza gari zima. Zikibaki kama zilivyo na hata mlio hakuna, umeme wa ufunguo haufiki: tazama fyuzi, rilei na swichi. Kwenye boti, na kwenye gari la otomatiki, hakikisha kwanza gia iko frii, maana zimetengenezwa zisipige starta gia ikiwa imeingia. Taa zikibaki kama zilivyo na "ka" ikasikika, hapo ishuku starta, lakini shuku vilevile waya wa ethi unaoishika injini. Hapo ndipo alipokosea fundi wa kwanza aliyelitazama gari letu. Taa hazikufifia, akahukumu starta, akatuambia tukanunue nyingine.

"Betri ni mpya, haihusiki." Upya wa betri si kipimo. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 ikiwa imepumzika, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo cha kweli ni pale ufunguo unapogeuzwa: ikianguka chini ya 9.6, ni dhaifu au haina chaji. Canter nyingi zinatumia volti 24, betri mbili zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo pima kila moja peke yake. Moja mbovu inaiangusha na nzima. Ukinunua mpya moja ukaioanisha na kuukuu, hiyo mpya nayo haitadumu.

"Ni baridi ya Mgeta." Baridi ya Julai kule juu ni kali kwetu, ndiyo. Huipunguzia betri nguvu na kuifanya oili iwe nzito. Lakini magari ya nchi za theluji yanawaka asubuhi. Baridi yetu huidhihirisha betri iliyokwisha kuchoka, basi.

"Igonge na nyundo." Mara nyingine inawaka kweli, na ndiyo maana imani hii haifi. Pigo huisogeza kaboni iliyoisha au kukwama, ikagusa tena. Maana yake umepata ugonjwa, hujapata dawa. Starta ikiamka kwa kugongwa, ifungue ubadilishe kaboni. Na nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu ndani; pigo zito huzipasua, na hapo utanunua starta kweli.

"Achia mteremko, itawaka yenyewe." Hili ndilo linaloniumiza. Kilele cha Lupanga kina mita 2,138 na Morogoro mjini ni kama mita 500 tu; barabara za milima ya Uluguru zinashuka kwa kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Lori lenye mzigo, injini imezimika: usukani unakuwa mzito, na breki zinapoteza msaada, kwa sababu nguvu inayousaidia mguu wa dereva inatokana na injini. Unakanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Injini isipowaka kabla ya kona ya kwanza, umebaki na nini? Asubuhi ile vijana walishaondoa mawe kwenye matairi ya nyuma. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka karoti zake ndiye aliyekataa: "Wanangu, rudisheni hayo mawe." Yakarudishwa.

Vilevile, gari lililovuka mto uliofurika likagoma kuzunguka, usililazimishe. Maji yakiwa ndani ya silinda hayashindiliki, na kulilazimisha hupinda vyuma vya injini.

Tuliokolewa na fundi mzee aliyepanda na bodaboda, mita mfukoni. Aliweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye bodi ya starta, akamwambia dereva ageuze ufunguo. Pale hapapaswi kuzidi nusu volti. Palisoma 9. Akaingia chini ya gari, akatoka na waya wa ethi ulioliwa na kutu kwenye boliti yake, umebaki nyuzi chache za kijani. Akafunga mwingine, akakwangua rangi na tope pale unaposhikia, akakaza. Kabichi zilifika mjini mchana.

Kwa hiyo ndugu yangu, fundi akikuambia starta imekufa, mwombe aipime ikiwa bado imefungwa, na wewe ukiona. Yetu ni ileile ya siku ile. Hadi leo ndiyo inayoliwasha gari.