Kipimo Kimoja cha Testosteroni Hakitoshi Kumwanzishia Mtu Tiba

Kipimo cha homoni ya testosteroni, ambacho zamani kiliagizwa na mabingwa wachache, sasa kinapatikana katika maabara nyingi za mijini. Mwanaume anayehisi uchovu, au ambaye uume wake hausimami kama zamani, aweza kuingia maabara bila barua ya daktari, akatoa damu, akapokea karatasi yenye namba moja na alama ya kuonyesha kuwa iko chini. Baada ya hapo safari huwa fupi: sindano, jeli, au vumbi la Kongo. Maoni yangu ni kwamba karatasi hiyo, ikisomwa peke yake, hudhuru zaidi kuliko inavyosaidia, na kwamba wajibu wa kuzuia madhara hayo ni wetu sisi watoa huduma kabla ya kuwa wa mgonjwa.

Ili tuelewane, ni vema kukumbushana jinsi homoni hii inavyofanya kazi. Testosteroni ya mwanaume hutengenezwa kwa sehemu kubwa katika korodani, lakini korodani hazijiamulii. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huzichochea korodani kutengeneza testosteroni; FSH, kwa kushirikiana na testosteroni iliyomo ndani ya korodani, husimamia utengenezaji wa mbegu za kiume. Testosteroni ikitosha katika damu, ubongo hupunguza amri. Asiyeufahamu mzunguko huu hawezi kuyasoma majibu ya maabara kwa usahihi, wala kutabiri madhara ya sindano.

Saa, siku na vizio

Kiwango cha testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Chakula nacho hukishusha kwa muda. Kwa hiyo damu inapaswa kutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula. Kijana aliyepimwa saa 10 alasiri baada ya chakula cha mchana aweza kuambiwa ana upungufu ambao hana. Aidha, kiwango hubadilika kati ya siku moja na nyingine. Ndiyo maana majibu ya chini ni lazima yathibitishwe kwa kipimo cha pili siku tofauti. Si wachache ambao kipimo chao cha pili huonekana cha kawaida.

Ugonjwa wa ghafla kama malaria kali au nimonia hukishusha kiwango kwa muda, na hivyo mtu asipimwe akiwa kitandani. Dawa za maumivu za jamii ya mofini, zikiwamo tramadoli, pamoja na prednisoloni itumikayo kwa muda mrefu, nazo hushusha. Swali kuhusu dawa halina gharama, lakini mara nyingi haliulizwi.

Kisha kuna vizio. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita. Majibu ya 3.2, 320 na 11.1 katika vizio hivyo vitatu ni kiasi kile kile. Mgonjwa aliyepima mahali pawili aweza kudhani homoni yake imeporomoka au imepanda ajabu, kumbe hakuna kilichobadilika ila namna ya kuandika.

Hata mpaka wa chini wenyewe haukuandikwa juu ya jiwe. Mwongozo wa wataalamu wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2018 unatumia nanogramu 300 kwa desilita. Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa mwaka huo huo unataja wigo wa 264 hadi 916 kwa vijana wenye afya wasio wanene, na wigo huo ulitokana na wanaume wa Marekani na Ulaya. Anayekutwa na 290 hajawa mgonjwa kwa sababu ya namba hiyo, wala mwenye 310 hajahakikishiwa uzima.

Zaidi ya hayo, asilimia ndogo tu ya testosteroni, takriban 2, huelea huru katika damu. Iliyobaki hubebwa na protini, hasa albumini na ile iitwayo SHBG. Unene na kisukari cha aina ya pili hupunguza SHBG, hivyo jumla ya testosteroni huonekana ndogo hata pale ambapo ile iliyo huru inatosha. Uzee, maambukizi ya VVU na baadhi ya magonjwa ya ini huongeza SHBG, hivyo jumla huonekana ya kawaida ilhali iliyo huru ni pungufu. Kwa watu hawa jumla peke yake hupotosha, na ni lazima SHBG ipimwe ili kiasi kilicho huru kikokotolewe.

Dalili zinasema nini?

Uchovu, huzuni, kukosa usingizi na kupungua nguvu za misuli hutajwa sana katika matangazo kuwa ni dalili za upungufu wa testosteroni. Dalili hizi ni za kweli, lakini zina mizizi mingi: upungufu wa damu, sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kukatika pumzi usingizini, au maisha magumu tu. Utafiti uliofanyika katika vituo vinane vya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010, ukihusisha wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, uliona kwamba dalili zilizoambatana kwa pamoja na kiwango cha chini zilikuwa tatu, zote za tendo la ndoa: uume kutosimama asubuhi, hamu kupungua, na uume kushindwa kusimama.

Hata hizo tatu hazitoshi bila uchunguzi. Mwanaume mwenye hamu ya kawaida ambaye uume wake hausimami ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo la mishipa ya damu, kisukari, shinikizo la damu, athari za dawa au msongo wa mawazo. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huonyesha uharibifu mapema; kushindwa huko kwaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Mgonjwa kama huyu akipewa kipimo cha testosteroni bila kupimwa sukari na presha, tumeacha kitu kinachoweza kumuua tukashughulikia karatasi.

Madhara ya kuharakisha

Wapo wenzangu wanaosema kwamba vipimo vya ziada ni ghali, na kwamba ni nafuu kumjaribu mgonjwa kwa sindano na kuona kama atapata nafuu. Hoja ya gharama naiheshimu, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hulipa kutoka mfukoni. Lakini sindano si jaribio lisilo na bei. Testosteroni itokayo nje huufanya ubongo uamini kwamba korodani zimetosheka. LH na FSH hushuka, na utengenezaji wa mbegu hupungua au kusimama. Athari hii ni kubwa kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kuifanyia majaribio kama njia ya uzazi wa mpango; matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba sindano ya miligramu 200 kila wiki iliwaacha wengi wa washiriki bila mbegu kabisa. Kijana aliyekwenda kutafuta nguvu ili apate mtoto aweza kutoka na kilicho kinyume. Mbegu hurudi kwa wengi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi, na pengine zaidi ya mwaka.

Damu nayo huwa nzito kwa kuongezeka seli nyekundu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya magonjwa ya moyo, ulituliza hofu ya kiharusi na shambulio la moyo, lakini ulionyesha ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na la damu kuganda katika mapafu.

Isitoshe, sindano huficha chanzo. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, tatizo liko katika korodani. LH ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, na laweza kuwa uvimbe wa pituitari wenye kuleta maumivu ya kichwa na kupunguza uwezo wa kuona pembeni. LH ikipimwa baada ya sindano kuanza, majibu yake hayana maana tena.

Kusema hivi si kuwadharau wenye upungufu wa kweli. Wapo waliozaliwa na hali ya Klinefelter, walioumwa matumbwitumbwi yakashuka korodanini, waliopata tiba ya saratani. Hao wakiambiwa kwamba ni uzee au ni uvivu, hupoteza mifupa, damu na ndoa zao bure. Kupapasa korodani na kutambua kwamba ni ndogo na ngumu huchukua dakika moja, na kwahitaji faragha tu.

Napendekeza basi kila fomu ya kipimo hiki iwe na nafasi ya kuandika saa ya kutoa damu, kama mgonjwa amekula, na dawa anazotumia. Dozi ya kwanza isitolewe kabla ya vipimo viwili vya asubuhi, LH, wingi wa damu, na swali la wazi: je, bado unataka kupata mtoto?

Nawe ndugu mgonjwa, ukikabidhiwa karatasi yenye namba ya chini, usinunue kitu siku hiyo. Muulize daktari wako damu ilichukuliwa saa ngapi, itarudiwa lini, na sukari na presha yako vikoje.